Hadithi za Mapenzi za Kuchekesha



Mwalimu mmoja ametuuliza neno, nasi twaona kuwa ni swali la watu wengi. Asema nyumbani kwake, baada ya chakula cha jioni, watu hukaa pamoja na kusomeana kitabu. Mkewe apenda habari za kale, binti zake wapenda habari za uchumba, na yeye mwenyewe, akiisha kusahihisha madaftari sabini, hataki kingine ila kucheka. Je, kipo kitabu chenye hayo matatu pamoja, kisichomlazimu baba kuruka kurasa kwa haya mbele ya watoto?

Kipo, tena si kimoja. Walakini kukipata ni kazi, maana hadithi za mapenzi zilizo nyingi ni za namna mbili. Za kwanza ni za machozi: mchumba aumwa kifua, au azama baharini, na msomaji alala na huzuni isiyo yake. Za pili ni zile ambazo jalada lake tu latosha kumwonya mtu asizilete nyumbani. Iliyo safi na yenye kuchekesha ni adimu, kwa sababu kuchekesha ni kazi ngumu kuliko kuliza. Mtu yeyote aweza kumwua mchumba katika sura ya mwisho. Lakini kumfanya msomaji acheke pasipo kumdharau yule anayechekwa, hilo lataka fundi.

Basi twawaletea habari za fundi mmoja, Bibi Georgette Heyer. Alizaliwa Wimbledon, karibu na London, mwaka 1902, akafa mwaka 1974. Kitabu chake cha kwanza, The Black Moth, hakukitunga ili kiuzwe. Ndugu yake alikuwa mgonjwa, ana maradhi ya damu isiyoganda, na dada yake, msichana wa miaka kumi na saba, akawa akimtungia hadithi ili kumwondolea uchovu wa kulala kitandani. Baba yao alipoisikia aliona yafaa kupigwa chapa, ikapigwa mwaka 1921. Tangu hapo bibi huyu hakuiweka kalamu chini. Vitabu vyake vyapita hamsini.

Na hapa pana jambo litakalowapendeza wasomaji wetu wa Tanzania. Mumewe, Bwana Ronald Rougier, alikuwa mhandisi wa madini, na kazi yake ilimleta katika nchi iliyoitwa Tanganyika zamani hizo. Mkewe akamfuata mwaka 1927. Wakakaa porini katika nyumba ya majani, na huko, mbali na maktaba na maduka ya vitabu, Bibi Heyer akaandika The Masqueraders, kitabu kilichotoka mwaka 1928. Ni habari za ndugu wawili wa Uingereza baada ya maasi ya mwaka 1745: kaka avaa mavazi ya kike, dada avaa ya kiume, ili adui za ukoo wao wasiwatambue. Mtu aliyekaa chini ya paa la nyasi, simba wakinguruma nje, aliwaza habari za nywele za bandia na vyumba vya kuchezea dansi! Twatamani kujua waliomtekea maji walimwonaje mwanamke huyu aliyeshinda akiandika. Wao hawakuulizwa na mtu.

Vitabu vyake vilivyo vingi ni vya wakati mmoja mfupi. Mfalme George wa Tatu alipoingiwa na wazimu, mwanawe alifanywa kaimu wake, tangu mwaka 1811 hata baba yake alipokufa mwaka 1820. Miaka hiyo tisa Waingereza waiita Regency, nasi tutaiita zamani za Kaimu wa Mfalme. Bibi Heyer aliijua kama mtu ajuavyo mtaa wake. Alikuwa na vitabu vya kumbukumbu vipatavyo elfu, akiandika katika daftari zake bei za vitu, namna za kofia, na maneno ya kihuni ya wapanda farasi. Habari zake za vita vya Waterloo katika An Infamous Army, kilichotoka mwaka 1937, zilisifiwa hata na walimu wa maaskari.

Msomaji wetu atakutana na mila zinazofanana na zetu, na nyingine zilizo kinyume. Kwetu mahari hutoka kwa mume. Kwao msichana ndiye aliyekwenda na mali, na asiye na mali alihofiwa kukosa mume. Ndoa kwao ilitangazwa kanisani Jumapili tatu, kama tutangazavyo sisi, ama watu walinunua ruhusa kwa askofu. Na kwa sheria ya mwaka 1753, asiyetimiza miaka 21 hakuweza kuipata ruhusa hiyo pasipo wazazi kukubali. Lakini sheria hiyo haikuvuka mpaka wa Uskoti. Kwa hiyo vijana waliokatazwa walipanda gari la farasi usiku, wakakimbilia Gretna Green, kijiji cha kwanza ng'ambo ya mpaka, baba mtu akiwafuata kwa hasira nyuma yao. Mbio hizo zimo katika hadithi nyingi sana, na Bibi Heyer alizicheka: kwake wakimbiao hupatwa na njaa, mvua, au kukosa nauli.

Tukiulizwa tuanze na kipi, twajibu: Arabella, cha mwaka 1949. Nyumba za makatekista na walimu zitajiona humo. Arabella ni binti mkubwa wa kasisi wa shamba katika Yorkshire, nao watoto ni wanane. Baba ni mtu wa vitabu, mpole, tena mkali katika habari za kweli na uongo. Mama ndiye mwenye hesabu za nyumba. Amedunduliza fedha, amefumua nguo zake za zamani na kumshonea binti, ili ampeleke London kwa mama yake wa ubatizo, kwa kuwa Arabella akiolewa vizuri na wadogo zake watainuliwa. Nani asiyeijua safari hiyo? Ni msichana wa kijijini apelekwaye mjini kwa shangazi mwenye nafasi, kanga za kuazima sandukuni, na matumaini ya watu kumi juu ya kichwa chake.

Njiani gari lavunjika. Arabella na mama mmoja mtu mzima anayemsindikiza waomba hifadhi katika nyumba ya mawindo ya Bwana Beaumaris, tajiri ambaye kila mama wa London amtaka kuwa mkwe. Naye amechoka kutegewa mitego. Arabella amsikia akimwambia rafiki yake kwamba bila shaka gari hilo limevunjika kwa makusudi. Damu yampanda. Badala ya kunyamaza, aingia mezani na kusema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na mali, kwamba yeye ndiye yule Bibi Tallant tajiri, na kwamba aenda London akitumaini kuwa hapo watu hawatamjua wala kumfuata kwa ajili ya fedha zake. Beaumaris atambua mara moja kuwa si kweli. Lakini mchezo wampendeza, naye amwacha aendelee. Rafiki yake hakutambua kitu, na neno lawahi kufika London kabla ya gari kutengenezwa.

Hapo ndipo kicheko kinapoanza, na ndipo jambo lenyewe linapokuwa zito. Kila kijana mwenye madeni amposa Arabella, naye hawezi kumkubali yeyote, maana kila mmoja aposa fedha zisizokuwapo. Nguo za mama zachakaa. Barua za baba zafika, zimejaa kumwamini. Tumesikia wengine wakinung'unika kwamba si vema kusomea watoto kitabu ambacho binti wa kasisi asema uongo. Sisi twaona kinyume. Watoto wetu wajua uongo. Wasichokijua bado ni bei yake, na humu bei yatajwa senti kwa senti.

Tena kuna Jemmy. Asubuhi moja mtoto mdogo, mweusi kwa masizi, aanguka kutoka katika dohani la chumba cha Arabella. Ni mtoto aliyetumwa kupanda ndani ya dohani kulisafisha, na miguu yake ina majeraha ya moto, kwa kuwa bwana wake humchomea chini ili apande upesi. Hili si la kubuni. Sheria ya mwaka 1788 ilikataza kuwatumia walio chini ya miaka minane, lakini haikushikwa, na watoto waliendelea kupandishwa humo hata ilipopatikana sheria yenye nguvu mwaka 1875. Arabella, mwenye malezi ya nyumba ya kasisi, amgeukia Beaumaris na kumwuliza atafanya nini. Tajiri huyo, ambaye hajapata kufanya kitu kwa ajili ya mtu, ajikuta amemchukua Jemmy kwake. Baadaye achukua na mbwa koko aliyeokolewa na Arabella mikononi mwa watesi wake, na usiku huketi akimweleza mbwa habari za moyo wake. Tumezisoma kurasa hizo mara nyingi kuliko tunavyopenda kusema. Mwisho wake hatutautoa.

Akiisha huyo, na aitafute Cotillion, ya mwaka 1953. Msichana Kitty amwomba Freddy, ambaye si mzuri wa sura wala mwepesi wa akili, ajifanye kuwa mchumba wake kwa mwezi mmoja ili apate kuiona London. Freddy ampeleka kutazama sanamu mashuhuri za Kiyunani, na alalamika kwamba hazina vichwa. Lakini ni yeye ajuaye la kufanya mambo yanapoharibika, kwa kuwa ana adabu. Frederica, ya mwaka 1965, ina mbwa afukuzaye ng'ombe wa watu bustanini. Wenye kuitaka Regency iliyoandikwa na aliyeishi humo wanaye Jane Austen, aliyekufa mwaka 1817, naye ndiye Bibi Heyer aliyemheshimu kama mwalimu.

Yatupasa kusema na makosa. The Grand Sophy, cha mwaka 1950, chasifiwa sana kwa kuchekesha, na kweli chachekesha. Lakini mna sura ya Myahudi mkopesha fedha, iliyochorwa kwa dharau ile ile ya kale iliyowahi kuwaua watu, na mwandishi aliiandika miaka mitano tu baada ya vita vya mwaka 1945 kwisha. Hatuwezi kuisoma mbele ya watoto kana kwamba si kitu. Tena mabwana wa hadithi hizi wana mali isiyo na chanzo. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni ulikatazwa kwa sheria ya mwaka 1833. Katika miaka yote ya Regency, basi, sukari ya meza hizo ililimwa na watumwa. Vitabu havisemi. Kwa jamaa za pwani ambao babu zao walikombolewa na kupewa makazi Freretown, kimya hicho chaweza kusikika kuliko vicheko. Mwalimu akiwaeleza wasikilizaji wake jambo hilo kwa dakika tano kabla ya kufungua kitabu, atakuwa amefanya kazi ambayo mwandishi hakuifanya.

Yuko atakayeuliza kama vitabu vyepesi hivi vyastahili muda wa watu wazima. Twamjibu kwa habari ya Friday's Child, kilichotoka mwaka 1944. Bwana mdogo mmoja, amekataliwa na mrembo, aapa kumwoa mwanamke wa kwanza atakayemwona, naye amwona Hero, yatima asiye na kitu, ameketi ukutani. Waoana kama watoto wawili, na kila ushauri mbaya mume ampao, mke autenda kwa utii. Rafiki yao Ferdy amesikia jina la Nemesis, asadiki kuwa ni Myunani mmoja anayewafuata nyuma. Upuuzi mtupu, waweza kusema. Lakini Bibi Heyer alipata barua kutoka kwa mwanamke wa Rumania aliyekuwa amefungwa kwa ajili ya siasa miaka kumi na miwili. Huko gerezani, pasipo kitabu, mwanamke huyo aliwasimulia wafungwa wenzake hadithi hiyo ya Hero tena na tena kutoka kichwani, ili akili zao zisipotee.

Vitabu hivi ni vya Kiingereza, na vyaendelea kupigwa chapa. Vilivyotumika huonekana mara kwa mara kwa wauza vitabu wa kando ya barabara mijini. Mtu asitazame picha ya jalada, atazame jina la mwandishi. The Black Moth chapatikana bure kwa simu katika Project Gutenberg, ingawa ni kazi ya msichana na chaonyesha hivyo. Katika kusomea watu nyumbani, twashauri msomaji atafsiri kwa mdomo akiendelea, asiogope kuruka maelezo marefu ya mavazi, wala asiruke mazungumzo hata mstari mmoja, maana mchekesho wote umo humo. Sura moja kwa jioni yatosha. Ile ya Jemmy isomwe mapema, kabla ya wadogo kusinzia, kwa kuwa wataomba irudiwe.