Hotuba niliyoisoma kwa Kifaransa

Mwalimu aliyenifundisha Kifaransa katika shule ya sekondari, na ambaye alasiri alikuwa kocha wetu wa mpira wa miguu, alifariki mwaka jana katika majira ya mvua. Kilio kilifanyika nyumbani kwake, katika komini ya Kenya (ile ya hapa Lubumbashi, nawaambia wenzangu waliotoka mbali). Kwa kuwa kati ya wachezaji wake wa zamani mimi ndiye niliyefika kwenye Kitivo hiki, wenzangu walisema: wewe ni mtu wa lugha, andika hotuba ya kumuaga. Niliandika kurasa mbili usiku mmoja. Niliziandika kwa Kifaransa, kile kizito cha siku kubwa, na nilijivunia sentensi zangu.

Kesho yake nilisoma. Mbele yangu walikuwa wameketi mjane wake na dada zake, mama wauza samaki wa sokoni, madereva wa teksi, vijana wawili waliotoka usiku huo huo kwenye machimbo karibu na Kolwezi, na wazee wa mtaa. Watu walinyamaza kwa heshima mpaka mwisho, kisha wakapiga makofi. Jioni mjane aliniita kwenye mkeka, akaniuliza kwa sauti ya chini: «Mutoto, ulisema nini juu yake?»

Ninaandika makala haya kwa sababu ya swali hilo. Naona pia kwamba kosa si langu peke yangu. Katika mji huu tunawazika walimu wetu kwa lugha ambayo nusu ya waombolezaji hawaielewi, na sisi wa Kitivo cha Lugha ndio tunaoitwa kila mara kufanya kazi hiyo.

Nimweleze kwanza mwenyewe. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kinga ya zamani isiyo na breki, ambayo aliisimamisha kwa kiatu. Asubuhi alivaa shati jeupe na kufundisha dikte na uchambuzi wa sentensi. Alasiri tulimkuta uwanjani na suruali ile ile, ameikunja mpaka magotini. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo mwekundu, na kwenye pembe moja palikuwa na kichuguu kikubwa, kama vile vilivyojaa Katanga yote, ambacho hakuna aliyethubutu kukibomoa. Watazamaji walikaa juu yake. Mchezaji wa upande ule alilazimika kujifunza kukizunguka na mpira mguuni, na Mwalimu alisema kwamba timu ngeni ikija, kichuguu ni mchezaji wetu wa kumi na mbili. Alikuwa na jozi tatu za viatu vya mpira kwa timu nzima. Zilivaliwa kwa zamu, na golikipa hakuwa na zamu kabisa.

Mafundisho yake ya uwanjani nayakumbuka kwa maneno yake hasa. Hakusema «tumieni nafasi». Alisema: «Angaria fasi, hapana angaria mupira.» Na kwa sisi wa katikati: «Mbele mupira ikufikie, ukuwe unaisha kujua kwenye itaenda.» Jaribuni kutafsiri sentensi hiyo ya pili kwa Kifaransa cha darasani au kwa Kiswahili cha vitabu vya Dar es Salaam. Maana itapita, lakini mwendo wake utabaki nyuma, na mwendo ndio uliotufanya tugeuze shingo kabla ya kupokea pasi. Nimesoma somo la pragmatiki hapa chuoni mwaka mzima, na bado sijapata mfano mzuri kuliko huo wa neno linalofanya kazi mwilini mwa anayelisikia.

Lakini sitaki kumgeuza mtakatifu. Mwalimu huyu huyu asubuhi alikuwa na kile kibao cha mbao chenye uzi. Wengi wenu mnakijua, au wazazi wenu wanakijua: anayeponyokwa na neno la Kiswahili darasani anavishwa shingoni, naye anamvizia mwenzake ili amvishe, na anayekutwa nacho mwisho wa siku anafagia. Nilifagia mara nyingi. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa pili, nilipomwonyesha makala haya, alinijibu hivi: mtu aliyewaadhibu kwa sababu ya Kiswahili alistahili hotuba ya Kifaransa, mlimpa alichokitaka. Jibu hilo lilinisumbua wiki nzima.

Nadhani hakukitaka, na sababu yangu ni kisa kimoja.

Kwake, aliyefeli dikte ya wiki hakucheza mechi ya Jumamosi. Daftari lake lilikuwa na majina upande mmoja na alama upande wa pili, na halikujua nani ni mfungaji bora. Wiki moja nilipata makosa kumi na tisa. Nikaketishwa juu ya kichuguu pamoja na watoto wadogo, nikalia. Akanipa karatasi: andika mechi yote, nusu ukurasa, kwa Kifaransa, utaleta Jumatatu. Niliandika. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuandika jambo nililoliona kwa macho, na kama niko katika Kitivo hiki leo, chanzo ni karatasi ile. Jumatatu alasiri alinisimamisha mbele ya timu nikaisoma. Wenzangu walitazama chini. Wawili walicheka. Nilipomaliza alichukua karatasi, akasahihisha kosa moja la kitenzi, akanirudishia, akasema: «Sasa ambia bale benye balicheza.»

Nikaanza upya kwa Kiswahili. Hapo walinikatiza, wakabishana, wakasema bao la pili halikuwa la kuotea. Kazi ya asubuhi ilikuwa imeisha na ya alasiri imeanza. Mwalimu alijua mpaka kati ya hizo mbili ulipo. Kibao chake cha asubuhi nakilaumu bado, na ningemlaumu mbele yake. Ila miaka kadhaa baadaye, siku ya kilio chake, mimi nilisoma karatasi na nikasahau nusu ya pili ya somo.

Wapo walimu wetu hapa watakaosema kwamba mambo ya mpira si ya kitivo. Nawakumbusha kwamba mpira wa mji huu ulitoka shuleni. Timu ambayo leo ni TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 kwa jina la Saint-Georges na watawa Wabenedikto waliosimamia Institut Saint-Boniface, kwa ajili ya vijana wao. Baadaye ilichukua jina la Englebert kutoka kiwanda cha matairi, na kwa jina hilo ikatwaa kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Mwaka ule ule wa 1939 ndipo ilipozaliwa pia Saint-Éloi Lupopo, ya watu wa reli. (Mwalimu hakutuambia kamwe anaishabikia ipi. Kwenye kilio walikuja waliovaa nyeusi na nyeupe, wakaja na wa bluu na njano, kila upande ukiapa kwamba alikuwa wao.) Historia za viongozi na makombe zimeandikwa. Za walimu waliowafundisha watoto kupiga pasi kwenye udongo, na kwa maneno gani, ziko vichwani mwa madereva wa teksi, nazo zinaondoka nao.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo. Kila mwanafunzi anayemaliza aruhusiwe kuleta, kama sehemu ya kazi yake ya mwisho, masimulizi ya mwalimu au kocha mmoja wa mtaa wake, yaliyorekodiwa na kuandikwa kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili cha hapa. Nilipolisema darasani, mhadhiri mmoja alijibu kwa upole kwamba Kiswahili cha Lubumbashi hakina tahajia iliyokubaliwa. Ni kweli. Lakini mwaka 1965, katika mji huu huu, kilitolewa kitabu kizima kwa lugha hiyo, *Vocabulaire de la ville d'Elisabethville* cha André Yav, historia ya mji kama walivyoiona watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Waandishi hawakungoja tahajia. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri na maelezo, na leo tunakisoma kupitia kwake. Ingekuwa aibu kungoja tena mtu wa nje atuletee sauti za walimu wetu.

Katiba ya 2006 imeutaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Jambo hilo tunalijua wote, tunaliandika kwenye mitihani, kisha tunakwenda kwenye kilio na kufungua kinywa kwa Kifaransa.

Niseme na la pesa, hata kama haliungani vizuri na mengine. Alasiri zake zote zilikuwa za bure. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mishahara ya walimu kwa sehemu kubwa, na elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule za msingi, haikumfikia yeye wa sekondari. Aliwahi kutuomba sisi wakubwa, waliokwisha kupata kazi na waliokuwa chuoni, tuchange mipira miwili na jozi chache za viatu. Tuliahidi. Tuliahidi tena. Pesa za jeneza tulizipata kwa siku mbili.

Mwezi mmoja baada ya mazishi nilirudi kwa mjane na kurasa zangu. Nilikaa kwenye mkeka ule ule, nikaanza kumwambia kwa Kiswahili niliyoyasema siku ile. Sikufika mbali. Kwenye sentensi ya pili alinikatiza: hapana, kinga haikuwa ya baba yake, aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Binti yake akaongeza lake. Jirani akaingia kuomba chumvi, akakaa. Mpaka giza kuingia sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja, lakini nilikuwa nimeandika minne, na zaidi ya nusu si maneno yangu.

Kurasa hizo nne nimewakabidhi wahariri wa jarida hili, kwa ruhusa ya familia, kwa ajili ya toleo lijalo. Nimewaomba jambo moja tu: wasisahihishe «fasi».