Gari la fowili kwa fedha za kadiri



Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia akina baba peke yao, nalo ni ununuzi wa gari. Tena si gari lolote, bali gari la fowili lililotumika, yaani lile ambalo injini yake husukuma magurudumu yote manne.

Familia nyingi zinazoishi mbali na lami hulitamani gari hili. Masika yanapoanza huko Usambara au kwenye miteremko ya Kilimanjaro, udongo wa barabara za vijijini huteleza kama sabuni, na gari dogo huishia mtaroni. Mtoto akishikwa na homa usiku, au jirani akishikwa na uchungu, ndipo tunapojua thamani ya gari linalopanda kilima chenye matope.

Lakini gari hilo hilo laweza kuila nyumba. Ada ya shule ikaishia kwenye giaboksi, fedha za mbolea zikaishia kwenye matairi, na mwisho gari likakaa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kwa hiyo, mama mwenzangu, usinunue jina wala umbo. Nunua gari ambalo magurudumu yake manne yanavuta kweli, na ambalo mfuko wenu utaweza kulitunza mpaka ufike usiku ule wa mvua.

Anzeni na barabara

Kabla ya kwenda kwenye yadi ya magari, kaeni pamoja, wewe na mwenzi wako, mjiulize: Ni siku ngapi kwa mwaka barabara yetu haipitiki kwa gari la kawaida? Ni kwa sababu ya matope na mlima, au ni kwa sababu ya mashimo na mawe tu? Ikiwa shida ni mashimo, huenda mnahitaji tu gari lililoinuka kutoka chini na lenye matairi mazuri. Fowili ina propela shafti, difu ya pili na kisanduku cha kugawa nguvu ambacho mafundi hukiita transfa. Vyote hivyo vinataka oili, na vyote huchakaa. Asiyevihitaji asivilipie.

Jueni aina zake

Fowili ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ile inayoingizwa na dereva mwenyewe kwa mti wa gia au kitufe. Mfano ni Suzuki Escudo za miaka ya 1990 na Suzuki Jimny. Magari haya yana fremu imara chini, na yana gia nzito ya kupandia polepole penye matope mengi. Lakini ukiingiza fowili usiitumie kwenye lami kavu, kwa kuwa magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na vyuma vya ndani hubanana vikaumia.

Ya pili ni ile inayojiendesha yenyewe, dereva hana kazi kubwa. Humo wamo Toyota RAV4, Nissan X-Trail na Subaru Forester. Hizi ni tulivu barabarani na zinafaa familia inayotembea zaidi kwenye lami, kisha ikamalizia kilomita chache za udongo. Hazina fremu nzito kama ya Landrova, basi msizipeleke kubeba magunia ya viazi shambani kila wiki.

Kwa mwenye fedha za kadiri, injini ya petroli ya silinda nne isiyo na taabo huwa na matengenezo mepesi zaidi. Prado kuukuu ya dizeli huvutia macho, lakini pampu na nozeli zake zikiharibika, fundi atawaomba fedha ambazo hamkuzipangia.

Hakikisha ni fowili kweli

Hapa wengi hudanganyika. Magari mawili yanaweza kufanana rangi na umbo, moja likavuta kwa magurudumu manne na jingine kwa mawili. Tuchukue RAV4 zilizotoka Japani kati ya mwaka 2000 na 2005, zile ambazo vijana huziita Kili Time. Zenye injini ya 1.8 huvuta kwa magurudumu mawili ya mbele tu. Zenye injini ya 2.0 ndizo fowili. Soma namba ya chesisi. Ya milango mitano ikianza na ZCA26 si fowili. Ikianza na ACA21 ni fowili. Jueni pia kwamba nyingi za hizo za 2.0 zina injini ya D-4, ambayo inataka petroli safi na fundi anayeijua.

Kwa gari jingine lolote, inama uchungulie chini upande wa nyuma. Fowili ya aina tulizotaja ina chuma kirefu kinachotoka katikati ya gari kwenda kwenye difu ya nyuma. Usipokiona, maneno ya dalali hayatakiweka. Nembo ya nyuma hugongwa na mtu yeyote.

Mambo unayoweza kukagua mwenyewe

Huhitaji kuwa fundi ili kuona haya:

1. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungua boneti uiguse kwa tahadhari. Ukiikuta na joto, jiulize kwa nini iliwashwa kabla hujafika. Injini mbaya huficha ubaya wake ikishapata moto.

2. Tazama moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huenda ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Mweusi ni mafuta yanayopotea.

3. Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha oili na cha rejeta. Ukiona utando kama maziwa kwenye oili, au mafuta yakielea juu ya maji, ondoka. Usiombe upunguziwe bei.

4. Angalia matairi yote manne. Yawe ya saizi moja, na yamelika sawasawa. Kwenye fowili inayojiendesha yenyewe, hasa Forester, tairi moja jipya na matatu yaliyoisha hulazimisha vyuma vya kugawa nguvu vifanye kazi muda wote mpaka viungue.

5. Tazama chini kama kuna kutu. Sehemu za kaskazini ya Japani humwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma pole pole.

6. Usiamini namba za kilomita peke yake. Linganisha na raba za pedali, usukani na kiti cha dereva. Kwa gari lililoingia karibuni, omba cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje. Huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi huko.

7. Kwa gari la otomatiki, kanyaga breki, kisha hamisha gia kutoka ya nyuma kwenda ya mbele. Likichelewa kuitika au likigonga kwa kishindo, giaboksi inalalamika.

Baada ya hapo liendeshe kwenye mlima, na kwenye udongo. Kama fowili yake ni ya kuingiza, iingize hapo kwenye udongo, usikilize. Kisha lipeleke kwa fundi mliyemchagua ninyi, si rafiki wa muuzaji. Muulize pia kama injini ina mkanda wa taimingi au cheni. Mkanda hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, na kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, wekeni gharama hiyo kwenye hesabu yenu. Muuzaji akikataa gari lisikaguliwe, amekwisha kukujibu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Msimalize fedha siku ya kununua

Tuseme mmeweka akiba ya shilingi milioni 15 kwa jasho la miaka kadhaa. Msitafute gari la milioni 15. Tafuteni la milioni 12. Iliyobaki ni ya bima, ya kuhamisha umiliki, ya kubadilisha oili zote za injini, giaboksi, transfa na difu, na pengine ya matairi. Mkiagiza kutoka Japani, Mamlaka ya Mapato ina kikokotoo kwenye tovuti yake kinachokadiria kodi kwa aina na mwaka wa gari. Gari la zamani sana hutozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu, hivyo lililoonekana rahisi Japani laweza kuwa ghali likifika Dar es Salaam.

Kadi na jina

Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma. Hakikisha anayeuza ndiye mwenye jina kwenye kadi, na angalieni kwa namba ya gari kama lina faini za trafiki zisizolipwa. Lipeni kupitia benki, mwandikiane mkataba mbele ya mashahidi, na umiliki uhamishwe mara moja.

Sasa nenda kwenye swali ambalo wake wengi huona haya kuliuliza: kadi itaandikwa jina la nani? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa na jina la mmoja, huchukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa na majina ya wote wawili, huchukuliwa kwamba wana haki sawa. Kuliuliza swali hili si kumshuku mume. Kama fedha zimetoka kwenye mshahara wake na kwenye kuku wako na mchezo wako wa kila mwezi, ni haki jambo hili lizungumzwe mezani mapema, kwa upole, kabla ya funguo kufika nyumbani.

Mwisho, likishakuwa lenu, fowili ya kuingiza iingizwe angalau mara moja kwa mwezi kwenye barabara ya udongo, mwende nayo mwendo mfupi. Vyuma visivyotumika hukwama, navyo vikikwama hamtajua mpaka siku mtakayovihitaji. Nawe mama, jifunze kuiingiza mwenyewe. Homa ya mtoto haingoji baba arudi safari.

Tukutane mwezi ujao.