Kusoma Nuru ya Nyota Kwafaa Hata Kwetu

Wako watu wasemao kwamba elimu ya nyota ni mchezo wa mataifa tajiri, na ya kuwa sisi wa Jinja na Mbale yatupasa kwanza kushughulika na miwa, umeme na kahawa. Mimi nakataa, na sababu yangu kubwa ni uzi wa kioo.

Nyota haifikiki. Karibu habari zake zote twazipata katika nuru yake, nayo nuru ikitenganishwa katika rangi zake huonyesha mistari, kila elementi na mistari yake. Mstari wa heliamu ulionekana katika nuru ya jua mwaka 1868. Hapa duniani gesi yenyewe haikupatikana na Ramsay mpaka mwaka 1895.

Chombo cha kutenganishia nuru ni spektroskopu. Tangu zamani darubini ikikua, na chombo hicho sharti kikue, na gharama vilevile. Darubini ya SALT, huko Sutherland, Afrika Kusini, ina kioo cha vipande 91, upana wake mita 11 hivi. Kimoja cha vyombo vyake vya kusomea nuru hukaa ndani ya tangi lililotolewa hewa, na nuru hufikishwa humo kwa nyuzi za kioo. Nyuzi za jamii hiyo ndizo zituleteazo intaneti Jinja na Mbale! Mwaka 2005 wataalamu wa fotoniki walionyesha jinsi ya kugawa nuru ya uzi mmoja mnene katika nyuzi nyingi nyembamba. Tangu hapo wanajaribu kukifanya chombo kizima kiwe kijibamba cha kulala kiganjani. Ufundi mwingi wameuazima kwa watu wa simu.

Kijibamba hicho hatuwezi kukitengeneza katika maabara yetu. Chembe moja ya vumbi yaweza kukiharibu. Lakini je, twajiandaa hata kukielewa? Twafundishwa nuru kwa pini nne na mche wa kioo: twachora, twapima pembe, twafunga daftari. Naamini wengi humaliza Senior Six bila kuuona mstari wa sodiamu kwa macho yao. Na diski ya CD ina mistari ipatayo 625 katika kila milimita! Ukiwa na kipande chake, boksi la karatasi ngumu na nyembe mbili za kufanyia ufa mwembamba, umepata spektroskopu. Tia chumvi ya Katwe katika mwali wa spiriti, uone. (Jua lisitazamwe moja kwa moja, uwingu mweupe watosha.)

Wenye kunihimiza habari za kahawa nawaambia kwamba Nairobi, katika maabara ya ICRAF, udongo hupimwa kwa nuru isiyoonekana kwa macho, kwa elimu hii hii. Tena sisi tulio karibu na ikweta twaona Msalaba wa Kusini na nyota za kaskazini pia, mawingu ya Mlima Masaba yakituachia nafasi.

Kwa hiyo nina ombi kwa ndugu zetu wakubwa mliosoma hapa, hasa mnaofanya kazi ya kutandaza nyaya za intaneti. Mabaki mnayotupa, tuleteeni, kwa idhini ya wakubwa wenu. Mita tano zatosha kwa kuanzia. Ncha zifungwe vizuri, maana vibanzi vyake huingia ngozini wala havionekani.