Si kila kinachooshwa kinarudi motoni

Siku ya kumaliza matanga ya mzee mmoja wa shirika letu, sisi wenyewe tulijitia aibu. Tunaanza na hiyo ili msomaji asifikiri kwamba tunaandika kwa kuwasema wengine.

Kamati ya chakula ilikuwa imeamua kwamba liboke ya samaki haitafungwa tena katika majani ya mangongo. Ingefungwa katika karatasi ya alimini, ile inayong'aa ambayo wamama wanaita papie alimini. Sababu iliyotolewa: wageni wametoka mbali, wengine ni watu wa ofisi, inafaa waone kitu cha kisasa. Siku ya kwanza mambo yalikwenda. Siku ya pili karatasi zikapungua, na pesa nazo zikapungua. Basi mutu mmoja akasema: "Tuoshe zile za jana, ziko nzuri bado." Zikaoshwa kwa sabuni na jivu, zikasuguliwa na waya wa chuma, zikafungiwa samaki wengine, na ndimu, nyanya, chumvi na pilipili, kisha zikarudishwa juu ya makala.

Vifurushi vilipofunguliwa, kila mutu aliona. Karatasi ilikuwa na matundu madogo kama chujio. Jivu lilikuwa limeingia. Wageni walikuwa wanatoa vipande vyenye kung'aa katikati ya meno. Mama mjane, ambaye ni sisi tuliyemfanyia sherehe, alirudisha kifurushi chake juu ya sinia na kuuliza kwa sauti ya chini: "Wanangu, mumenipa samaki ao mumenipa sufuria?"

Hakuna aliyejibu. Kurasa hizi ndizo jibu letu, hata kama zimechelewa.

Jani si umaskini

Kosa la kwanza lilifanywa mbele ya kuosha. Lilifanywa siku ile tuliposema kwamba jani ni kitu cha kijiji. Hapa Kisangani, pahali ambapo mboto na ngolo wanatoka mtoni kila siku, liboke bila jani ni neno tupu. Liboke maana yake ni kifurushi, na kifurushi hicho kina ufundi wake ambao wazazi wetu hawakuupata kwa bahati.

Mangongo, ambayo wataalamu wanaita Megaphrynium, ni jani pana la chini ya miti mikubwa. Mama anayejua kazi haanzi kufunga palepale. Kwanza anapunguza ule mshipa mgumu wa katikati kwa kisu. Kisha anapitisha jani juu ya moto kidogo, linabadilika rangi, linalegea, halipasuki tena. Anapanga majani mawili ao matatu kwa kupishana, samaki katikati, anakunja, anafunga kwa kamba ya mmea. Jani la nje linaungua, jani la ndani linabaki na maji yake, na samaki anaiva kwa mvuke wake mwenyewe. Ile harufu ambayo sisi wote tunaitambua tangu utoto haitoki kwa samaki tu, inatoka pia kwa jani. Alimini haitoi harufu yoyote. Nyuma ya chakula, jani linaoza udongoni. Alimini inabaki pale, na watoto wa watoto wetu wataikuta wakilima.

Na tusisahau watu. Kila asubuhi kuna wamama wanaoleta mafungu ya majani sokoni, kwa kichwa, kwa baiskeli, wengine kwa pirogi kutoka ngambo ya mto. Ni kwa majani hayo wanalipa masomo ya watoto. Tunapowapita tukiwa na karatasi iliyotoka ng'ambo ya bahari, halafu jioni tunasimama kwenye mkutano kusema "tulinde desturi zetu", tunalinda nini?

Alimini inafanya nini ndani ya chakula

Kosa la pili ni la kuosha, na hapa inafaa tueleze, sababu watu wa masomo nao walikuwa pale na walinyamaza.

Alimini ni chuma chepesi ambacho, kikiguswa na hewa, kinajivika ngozi nyembamba sana. Ngozi hiyo njo inayokilinda. Lakini kuna vitu viwili vinavyoishinda: uchungu wa ndimu, nyanya ao siki, na chumvi. Vikikutana vyote viwili, na moto juu yake, ngozi inaliwa na alimini inaingia katika mchuzi. Ukisugua karatasi kwa waya wa chuma unaikwangua, unapunguza ule unene mdogo uliokuwa umebaki. Ukiiosha na jivu unaongeza shida nyingine: maji ya jivu ni makali, nayo yanakula alimini kama ndimu inavyokula. Kwa hiyo sisi siku ile tuliichosha karatasi kwa jivu, tukaijeruhi kwa waya, kisha tukaimalizia kwa ndimu. Karatasi yenyewe haifiki hata sehemu ya kumi ya unene wa milimita moja. Tulitegemea nini?

Tuongeze na moto. Alimini inayeyuka kwa digri 660. Wale mafundi wetu wanaotengeneza sufuria kwa vyuma vikuukuu wanaiyeyusha kwa makala, makala yaleyale tunayochomea samaki, wakipuliza tu hewa kwa nguvu. Karatasi mpya yenye samaki mbichi inavumilia, sababu maji ya samaki yanaipoza. Karatasi kuukuu, yenye mikunjo na matundu, inaanza kuvunjika pale moto unapoigusa.

Hatutaki kutisha watu

Kuna upande mwingine ambao nao tunaukataa. Hao wanasema: alimini ni sumu, ukila mara moja umekwisha, utapoteza akili uzeeni. Hiyo ni bongo, ao tuseme kwa heshima, ni kuongeza chumvi. Sehemu kubwa sana ya alimini tunayokula inapita na kutoka, na ile kidogo inayoingia katika damu inatolewa na mafigo. Habari kwamba inaleta ugonjwa wa kusahau haikuhakikishwa. Wataalamu wa shirika la afya la ulimwengu (OMS) pamoja na wale wa shirika la chakula (FAO) waliweka mwaka 2011 kipimo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa juma moja. Mutu mwenye kilo 50 ni miligramu 100. Wenzao wa Ulaya walikuwa wamesema mwaka 2008 kwamba miligramu 1 kwa kilo inatosha. Mutoto wa kilo 10, basi, kipimo chake ni kidogo sana, na mutu ambaye mafigo yake hayafanyi kazi vizuri anapaswa kuangalia zaidi kuliko wote.

Kwa hiyo liboke moja ya alimini haiui. Lakini desturi si jambo la siku moja. Desturi ni kile tunachokirudia. Mama anayeuza samaki kando ya barabara, anayefungua karatasi za jana na kuzitumia leo na kesho, anawalisha watu walewale kila siku. Na hatumkosei yeye. Karatasi inagharimu pesa, na kutunza kitu ni tabia nzuri tuliyofundishwa na wazee. Nani kati yetu hakuona nyanya yake akiosha chupa, akikunja gunia, akiweka kopo la maziwa lipimie mchele? Kutotupa ni hekima. Tunagombana na jambo moja tu: kufikiri kwamba kila kinachooshwa kinarudi motoni.

Kutumia tena, ndiyo, lakini namna gani?

Haya ndiyo tuliyokubaliana katika shirika, nyuma ya maneno mengi:

1. Karatasi iliyogusa samaki mbichi ao nyama mbichi haitumiwi tena kwa chakula.

2. Iliyofunika mkate, makemba ya kuchoma ao viazi vikavu inaweza kurudi. Inyooshwe juu ya meza, ioshwe na maji ya moto kidogo na sabuni, kwa kitambaa laini. Hapana waya, hapana jivu. Ikauke vizuri, ikunjwe.

3. Iangaliwe kwenye mwangaza. Ikionyesha matundu, weusi ao mipasuko, kazi yake kwa chakula imekwisha.

4. Ile inayorudi, irudi kwa kufunika chakula kikavu ao kulinda sahani na nzi. Isirudi motoni, na isiguse kitu chenye ndimu, nyanya, siki ao chumvi nyingi.

5. Isifunike chakula chenye chumvi ndani ya sufuria ya chuma kwa usiku mzima. Vyuma viwili tofauti pamoja na maji ya chumvi vinafanya kazi kama betri ya radio, na ni alimini inayoliwa. Wamama wengi wameona asubuhi matundu juu ya mchuzi wakafikiri ni panya. Si panya.

6. Wasipoteze muda kubishana upande gani uguse chakula, ule unaong'aa ao ule mwingine. Tofauti hiyo inatoka kiwandani tu, pahali ambapo karatasi mbili zinapitishwa pamoja katika mashine. Kwa chakula ni sawa.

7. Anayetaka alimini kwa lazima, sababu mvua imenyesha ao majani ni madogo, aweke jani ndani na alimini nje. Samaki aguse jani.

Karatasi iliyokwisha kabisa isitupwe njiani. Alimini inaweza kuyeyushwa tena mara nyingi, na kuiyeyusha kunaomba karibu sehemu 5 kwa 100 tu ya nguvu iliyotumika kuitengeneza mara ya kwanza. Lakini hata hapa tuwe macho. Mwaka 2014 wachunguzi walichapisha kazi juu ya sufuria zilizotengenezwa kwa vyuma vikuukuu huko Kamerun, wakaonyesha kwamba chakula kinaweza kupata humo madini ya risasi, ambayo ni hatari sana kwa watoto. Ni juu ya fundi anayechanganya kila kitu, vipande vya gari na vya mashine, bila kuchagua. Basi tumwombe fundi achague vyuma vyake, na sisi tusipikie vitu vya ndimu na nyanya kwa muda mrefu katika sufuria ambayo hatujui ilitoka wapi.

Wanatuambia

Wanatuambia: "Ninyi munataka kuturudisha nyuma." Hapana. Hatujasema chuma kitoke jikoni, wala friji, wala umeme siku unapokuwapo. Tunasema tu kwamba kitu kipya kithibitishe kazi yake mbele ya kupewa kiti cha kitu cha zamani. Alimini inafunika vizuri. Katika kuchoma samaki mwenye ndimu, imeshindwa na jani.

Wanatuambia tena: "Majani yana uchafu." Ndiyo, njo maana yanaoshwa na kupitishwa motoni. Wanasema: "Msitu unakwisha." Msitu unakwisha kwa makala na mbao zaidi kuliko kwa jani ambalo likikatwa vizuri mmea wake unaota tena. Lakini hoja hii tunaikubali nusu: anayekata mangongo aache machipukizi, na vijana wetu wajaribu kuyapanda karibu na mji.

Tena tukumbuke kwanga. Siku zile watu walipoanza kuipika ndani ya plastiki, walisema pia kwamba ni maendeleo. Kisha serikali yenyewe, kwa amri ya mwezi wa 12 mwaka 2017, ikakataza mifuko ya plastiki katika nchi nzima. Sheria ikaja kutuambia yale ambayo jani lilikuwa linatuambia bila kusema.

Kwa sherehe itakayofuata, shirika limeamua: liboke itafungwa katika mangongo, na majani yatanunuliwa kwa wamama wetu kwa bei ya haki. Wasichana na wavulana, wote wawili, watakaa na wazee siku moja mbele ili wajifunze kupunguza mshipa, kulegeza jani na kufunga. Yule mama mjane amekubali kufundisha. Tulipokwenda kumwomba msamaha alicheka tu, akasema: "Leteni kisu kikali, na musichelewe."