Samaki Akijificha Si Lazima Awe Mgonjwa

Ndugu mfugaji, juzi mama mmoja kaniletea kuhli wake kwenye ndoo. "Bwana shamba, huyu anaumwa, mchana kutwa kajificha." Kuhli ni yule samaki mwembamba kama mkunga mdogo, asili yake vijito vya mchanga na majani huko Indonesia na Malaysia. Hutembea usiku. Nikamuuliza ana wenzake wangapi. Yuko peke yake!

Mimi nasema wazi: kumuuza kuhli mmoja mmoja ni makosa, na kumnunua hivyo ni makosa pia. Wakiwa watano au sita wanajiamini, hata mchana utawaona. Toa kokoto zenye ncha, zinaumiza sharubu anazotafutia chakula. Weka mchanga laini, mimea na vipande vya chungu. Walishe ukishazima taa. Funika tangi vizuri, maana hupenya. Dawa nazo usimwage ovyo, mwili wake hauzivumilii.

Yule mama alikuwa keshanunua dawa. Nikamwambia airudishe dukani, hela hiyo amtafutie kuhli wake wenzake. Kama unataka samaki wa kuringia wageni mchana, jamani, chukua wa aina nyingine.