Maneno Yasiyofariji: Jibu kwa Wanaowatuliza Wafiwa wa Machimboni

Huku kwetu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, dhahabu inatulisha na inatuzika. Januari 2024 kifusi kiliua wachimbaji 22 Ng'alita, wilayani Bariadi, kwa jirani zetu wa Simiyu. Agosti 2025 watu 25 walifukiwa kwenye mgodi wa Nyandolwa, Shinyanga. Wengine walitoka hai, wengine ndugu zao walikesha juu ya shimo siku nyingi wakingojea maiti. Hata asiyeshika sururu hasalimiki: usiku mmoja wa Machi 2015 mvua ya mawe ilibomoa nyumba za Mwakata, Kahama, ikaua watu zaidi ya 40.

Katika misiba ya namna hii sisi Wakristo hufika mapema, na hufika na maneno. Mengi yanatoka kwenye mioyo mizuri. Lakini yapo yanayomwacha mfiwa akiwa na mzigo mzito kuliko aliokuwa nao kabla hatujaketi, na kwa kuwa yanasemwa kwa jina la Kristo, ni haki yajibiwe kwa Biblia ileile tunayoishika mkononi.

"Kazi ya Mungu haina makosa." Hili ndilo nalisikia kuliko yote, na ni gumu kulijibu kwa sababu lenyewe ni kweli. Kazi ya Mungu haina makosa. Ninachouliza ni kama kuporomoka kwa duara, yaani shimo la mchimbaji, ni kazi yake.

Duara huchimbwa kwenda chini, kisha watu huingia pembeni wakiufuata mwamba wenye dhahabu. Kinachozuia kuta zisiwaangukie ni matimba, magogo yanayopangwa kushikilia pande zote kadiri shimo linavyozidi kina. Magogo yanagharimu fedha na yanaoza, na masika udongo hulegea. Kwa hiyo kila wiki kuna mtu anayeamua: tubadilishe matimba, au tumalizie kwanza mawe haya? Mvua imenyesha siku tatu, tushuke au tungoje? Baada ya ajali ya Ng'alita, viongozi wa serikali walieleza kwamba eneo lile lilikuwa limezuiwa kuchimbwa kwa sababu ya mvua. Hayo ni maamuzi ya watu wenye majina, wengine wakisukumwa na tamaa, na wengi zaidi wakisukumwa na njaa. Kuyaita kazi ya Mungu ni kumpa Mungu lawama ya uzembe wetu, kisha kumziba mdomo mjane asiulize.

Sheria ya Musa ililiona jambo hili zamani sana. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mtu anayejenga nyumba azungushie dari yake ukingo, maana mtu akianguka kutoka pale, damu itakuwa juu ya nyumba ile. Mungu wa Biblia anataka ukingo uwepo kabla mtu hajaanguka. Mjane anayeuliza kwa nini matimba hayakubadilishwa hajakufuru. Anauliza swali ambalo Torati ililiuliza kabla yake.

"Lazima kuna dhambi mahali." Machimboni neno hili lina ndugu yake: duara limetaka damu. Kanisani tunalivika nguo nyingine. Tunaita laana ya ukoo, mlango uliofunguliwa, zaka isiyolipwa. Mzizi ni mmoja, kwamba pasipo mkosaji hakuna maafa, basi mkosaji atafutwe.

Yesu aliletewa hoja hii akaikataa waziwazi. Katika Luka 13 anataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Watu 18 chini ya mnara, watu 22 chini ya kifusi: sioni mchungaji anawezaje kusoma sura hiyo Jumapili na Jumatatu akaenda msibani kutafuta dhambi ya marehemu. Yesu anawageuzia wasikilizaji neno la toba wao wenyewe, waliobaki hai.

Sisi wa kanda hii tuna sababu ya ziada ya kuliogopa neno hili, maana tunajua linakoishia. Kutafuta mkosaji wa kila msiba ndiko kulikowaua vikongwe wa Usukumani kwa kosa la kuwa na macho mekundu, yaliyodhaniwa kuwa dalili ya uchawi. Na imani kwamba utajiri wa dhahabu unanunuliwa kwa viungo vya binadamu iliwafanya watoto wenye ualbino wakimbizwe kutoka makwao na kuhifadhiwa kituoni Buhangija, mjini Shinyanga. Ndiyo maana Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Kanisa haliwezi kupinga ramli chonganishi huku likipiga ya kwake juu ya mkeka wa mfiwa.

"Mwenye imani huokolewa." Hapa wanatutolea mfano wa Nyangalata, na nataka nikae hapo kidogo. Oktoba 2015 mgodi huo wa wilayani Kahama uliporomoka ukawafunika wachimbaji. Huku juu walihesabiwa kuwa wamekufa. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, wenzao walisikia sauti kutoka chini, na watano wakatolewa hai. Walikuwa wamekula mizizi, mende na vyura, na kunywa maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye mwamba. Ni habari ya kumshukuru Mungu kwa machozi, na mimi namshukuru.

Lakini walioingia gizani mle walikuwa sita. Mmoja alifia humo. Alikaa katika giza lilelile, na sina sababu yoyote ya kuamini kwamba dua zake zilikuwa hafifu kuliko za wenzake. Ushuhuda wa watano ukihubiriwa kama kipimo cha imani, unageuka hukumu juu ya yule wa sita, na juu ya mama yake aliyeko kanisani akisikiliza.

Tazama Matendo ya Mitume 12. Herode anamuua Yakobo kwa upanga. Mistari michache mbele, malaika anamtoa Petro gerezani. Kanisa ni lilelile, mji uleule, siku zilezile. Luka haandiki kwamba Yakobo alipungukiwa na kitu. Anaandika yote mawili na kuendelea. Tukiwa wakweli kama Luka, tutaruhusu watano washuhudie na mama wa wa sita aomboleze, wote katika ibada moja, bila mmoja kumfungia mwenzake mdomo.

"Mkristo halii kama asiye na tumaini." Anayesema hivi anashika nusu ya kwanza tu. Paulo, akiwaandikia Wathesalonike, hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika huzuni isiyo na tumaini. Yesu mwenyewe alilia akienda kaburini kwa Lazaro, na alijua kwamba dakika chache baadaye angemfufua. Kama tumaini lingekuwa linafuta machozi papo hapo, yeye asingekuwa na sababu ya kulia hata tone.

Ninachokiona misibani ni hiki: mama ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kitenge kimemteleza begani, na kila anayeinama kumshika mkono anamwambia "jikaze." Wa kwanza anasema, wa kumi anasema. Kufika jioni amejikaza kweli, hata uji haupiti kooni. Na mwanaume aliyefiwa na kaka yake ndiyo kabisa, yeye anapewa kazi ya kusimamia kuni na maturubai ili asipate nafasi ya kulia.

Februari 2023 mtu alivamia Kanisa Kuu Katoliki la Geita usiku akavunja na kunajisi vitu vitakatifu. Jimbo halikuwaambia waamini wafurahi siku zote. Kanisa lilifungwa, watu wakaingia katika kipindi cha toba na maombi, na likafunguliwa Machi baada ya ibada ya kulitakasa. Jengo lilipewa siku zake za huzuni. Mwanadamu aliyepoteza mume anastahili zaidi.

Na ile amani ambayo watu wanadhani inaharibiwa na machozi, Yesu aliwaahidi wanafunzi wake usiku uleule aliokamatwa. Kabla ya mapambazuko alikuwa Gethsemane akisema roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, na akiwaomba rafiki zake wakeshe naye. Aliyeitoa amani ndiye aliyekuwa akitetemeka. Basi amani ya Kristo inaweza kukaa ndani ya mtu ambaye hajalala siku tatu na ambaye bado anamuuliza Mungu kwa nini. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na imo ndani ya Biblia kama sala.

"Panda mbegu ya imani, Mungu atakufungulia." Hili sitalijibu kwa upole. Kumwambia mjane mwenye rambirambi mkononi kwamba sehemu yake ikitolewa madhabahuni itavunja roho ya mauti ni unyang'anyi. Wanaolitetea hukimbilia Marko 12, kwa mjane wa senti mbili. Wasome mstari unaotangulia habari hiyo: Yesu ametoka kuwalaani wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu.

"Ukienda hospitali kwa ajili ya huzuni, humwamini Mungu." Eliya alichoka hata akaomba afe, chini ya mti jangwani. Malaika hakumkemea wala hakumkumbusha ushindi wa Karmeli. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Kanisa la kanda hii limelijua hilo kwa matendo: Kolandoto ni hospitali ya kanisa la AICT, na hospitali ya Bugando kule Mwanza, ambako pia hutibiwa magonjwa ya akili, iko chini ya maaskofu Wakatoliki. Mchimbaji aliyetolewa shimoni na sasa anaruka usiku akisikia kishindo anahitaji maombi na daktari pia. Ndugu zake wasimchagulie kimoja.

"Tumwachie Mungu." Husemwa siku ya tatu, turubai likikunjwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba sisi tumemaliza. Katika Matendo 6 wajane walisahaulika katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wamwachie Mungu. Walichaguliwa watu saba, kwa majina, wakapewa kazi hiyo.

Kazi hiyo hapa kwetu ipo na inajulikana. Wachimbaji wengi wadogo hawana mshahara. Wana mgao wa mawe. Baba anapofia duarani, jasho lake liko kwenye viroba vilivyorundikwa kando ya shimo, na mara nyingi hakuna karatasi inayoonyesha ni vingapi ni vyake. Vikishapita kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na vumbi likaenda kuoshwa, hakuna atakayekumbuka. Jumuiya ndogondogo, umoja wa wanawake, wazee wa kanisa, yeyote mwenye nafasi, achague watu wawili wasioogopa kusema. Waende na mjane kwa mwenye duara kabla mawe hayajasagwa, wakae pale, wahesabu viroba, waandike, na mwenye duara atie sahihi. Kisha wapange nani atakuwa kwake wiki ya pili, nani wiki ya tatu, na nani atauliza habari za sare za shule Januari ikifika. Wakifika, wasali naye, na kama bado ana machozi wamwache alie.