Acheni Kumsingizia Mfasiri

Mfasiri anaandika Gĩkũyũ. Kwenye skrini ya mteja linatoka GÄ©kÅ©yÅ©. Lawama inakwenda kwa nani? Kwa mfasiri! Eti apunguze hizo herufi za ajabu. Za ajabu kwa nani? Mamilioni ya Wakenya wanasoma na kuandika kwa herufi hizohizo.

Uchafu ule si muujiza. Katika usimbaji wa UTF-8, ũ huhifadhiwa kwa baiti mbili, C5 na A9. Programu inayodhani mbele yake kuna jedwali la zamani, Windows-1252, huziona kuwa herufi mbili: Å na ©. Faili ni nzima, tafsiri ni safi; programu ndiyo haijui kusoma, na aliyeiandika analipwa mshahara.

Itazameni Windows ya Kifaransa. Kompyuta moja, majedwali mawili: madirisha ya kawaida yamezoea 1252, lile dirisha jeusi la amri limezoea 850. Baiti E9 kule ni é, huku ni Ú. Basi ujumbe uleule, kwenye mashine ileile, husomeka "terminé" ukibofya na "terminÚ" ukichapa amri. Ipeleke baiti hiyo Linux, ambako UTF-8 ndiyo ada, ikiwa peke yake si herufi kabisa. Halafu mtu aliyejaribu kwenye mashine yake tu anathubutu kusema, "Mbona kwangu inafanya kazi?"

Nasi Waswahili tusijitape kwamba jedwali dogo la ASCII linatutosha. Ritifaa ya neno ng'ombe ikipindwa na programu ya kuandikia, imeshatoka ASCII, na haimo pia katika jedwali la kawaida la SMS. Nafasi 160 za ujumbe zinashuka hadi 70, na anayetuma kwa wingi analipia meseji mbili, tatu. Kwa kijimkia kimoja!

Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8 mwaka 1992. Lugha ya programu ya Java ikaifanya chaguo-msingi kwa mifumo yote katika toleo la 18, mwaka 2022. Miaka 30! Na faili za tafsiri za mfumo wa gettext zina mstari kichwani unaotaja usimbaji wake, mfasiri huujaza. Kazi iliyobaki ni ya programu: iuheshimu mstari huo, ijue ujumbe unaelekea kwenye jedwali gani, igeuze baiti kabla ya kuzitema. Ni mistari michache ya kodi. Iandikeni, mumwombe mfasiri radhi, na herufi zake mzirudishe zote.